Msalaba Chini ya Randa

Mimi ni seremala wa Kiabakari, na wenye maduka siwaaminigi. Wanakuonyesha mashine nzima, wanakufungia mbovu. Kwa hiyo nilipokwenda Musoma kuchagua mashine yangu ya kwanza, niliacha drili na msumeno, nikachagua randa ya umeme, maana kuranda kwa mkono kumenimaliza mabega. Muuzaji alikuwa mama mpole kupita kiasi, na upole huo ndio ulionitia shaka. Alipogeuka, nikachora msalaba wa penseli chini ya bamba la ile randa. Kisha nikaijaribu kwenye ubao wake, ikaranda vizuri, akaifunga kwenye boksi.

Nyumbani nikaipindua. Msalaba hakuna.

Kesho yake nilirudi na balozi wetu wa nyumba kumi awe shahidi. Duka lilikuwa limejaa watu.

"Mama, umenibadilishia mashine. Yangu ilikuwa na alama hapa chini."

Akapitisha kidole kwenye bamba. "Hapa panaposugua ubao, fundi?"

"Hapo hapo."

"Uliichora kabla ya kuijaribu, au baada?"

Balozi, ambaye hata nyundo hajui kuishika, ndiye aliyejibu.

"Kabla, mama. Amenieleza njia nzima."