Siku Nilimuzika Kambale Akiwa Muzima

Muko nacheka, mais ile haya haiyatoka mu mwili yangu. Nilikuwa natunza serveur ya Papa Hadji, patron wa bacamion, ile machine yenye ilikuwa inatuonyesha kila camion iko wapi mu barabara ya Beni. Siku ya kuweka système ya kuendesha ile machine, benzangu baliniambia: «Weka Linux, ni ya bure, haitakusumbua.» Mimi nikajivuna (ya bure! Hadji ataniona na miye mutu wa bure), nikachukua ile ya kulipa, mais version ya kujaribu tu, nikasema tutalipa mbele ya muda kuisha, kisha nikasahau, na kila mara message ya kukumbusha kulipa ilikuja nilikuwa naifunga.

Donc ile asubui Kambale, chauffeur wetu, alitoka Beni, na munajua ile barabara ya vita, mutu anaipitaka na roho mu mukono. Niko naangalia kapoint ka camion yake ku écran, mara écran ikakuwa nyeusi. Nikawasha, ikarudi bila kapoint, ikazimika tena. Telefone yake haipatikani. Na mimi, pa nafasi ya kunyamaza, nikatoka inje nikapiga kelele: «Papa Hadji, Kambale amepotea!»

Kumbe Mama Kavira, bibi ya Kambale, alikuwa pale mulangoni na chakula, anamungoja.

«Amepotea wapi?» akaniuliza polepole.

Akaanguka chini. Bamama ba soko bakakimbia, «E Nyamuhanga, Mungu wetu!», batoto bakalia, magasin zikafungwa moja moja (batu balizani vita imefika), Hadji akasimamisha bacamion zote, anapitisha tasbihi mu vidole yake, na mimi mu roho nilikuwa nimekwisha kumuzika Kambale.

Alafu camion yake ikaingia. Akashuka, vumbi mpaka ku kope, akaona batu banalia.

«Nani amekufa?»

Kavira akaamuka, akamushika uso, akamushika mabega, alafu akanigeukia. Heri angenipiga.

Hadji akaingia mu bureau, akavaa lunettes, akasoma écran kwa sauti, batu bote nyuma yake: muda wa kujaribu umeisha, machine itakuwa inajizima.

«Ingénieur, ulijua?»

«Nilijua, Papa Hadji.»

Leo tuko na Linux. Ya bure ao ya kulipa, kila moja iko na kazi yake, mais kujifanya umelipa, hapana tena, na machine ikinyamaza, na miye nitanyamaza mpaka nisikie sauti ya mutu mwenyewe. Kambale alinisamehe. Mama Kavira, kila bwana yake akienda Beni, anakuja kuuliza bachauffeur habari yake. Mimi, haniulizake kitu.