Springi za Pikipiki ya Baba

Wiki jana mjini Kitale fundi alikataa kunichomelea fremu ya pikipiki aina ya chopa isiyo na springi za nyuma. Magurudumu nimechagua mwenyewe, la mbele refu na jembamba, la nyuma nene, na diploma ya ufundi ninayo, niliyojilipia kwa jasho langu Doha. "Mkubwa, hii itakumaliza mgongo," akarudia mpaka akanichosha.

Harufu ya chuma kilichochomelewa ilinirudisha utotoni, Chwele. Alasiri moja baba aling'oa springi za pikipiki yake, akachomelea vyuma viwili mahali pake, ili isibonyee kwa magunia ya viazi kutoka Kapsokwony. Nilidhani ni urembo, nikaita wenzangu waje kuona. Kabla hajaondoka, mama akamkazia leso kiunoni, mizunguko mitatu.

Wenzangu wakacheka. "Ati babako amevaa kama mama."

Nikalia kwa hasira. "Baba, toa hiyo kitu, si wananicheka."

"Wachana na watoto, Baba Wafula," mama akasema. "Enda nayo."

Baba alinitazama, akaifungua, akanipa niishike. Nilifurahi, nikidhani nimemwokoa na aibu. Sikuhitaji diploma kuja kujua kwamba leso ile ndiyo springi pekee aliyokuwa amebaki nayo.

Aliporudi, mama na jirani walimshusha kutoka kwenye pikipiki kama gunia, naye akawa anawaomba wacheke kidogo, nisije nikaogopa.