Pumzi ya Wifi

Mama Kodiani na wifi yake walikaa ua mmoja, bomba moja, kamba moja ya kuanikia nguo, na hata kwenye kamba hiyo kila mmoja alijua upande wake. Shuka la huyu likipeperuka likagusa gauni la yule, siku hiyo majirani hawakuwa na haja ya redio.

Jina hilo Mama Kodiani alipewa na watoto wa mtaa kwa sababu ya kodiani yake, kile kinanda cha kuvaa kifuani chenye mvukuto unaofunguka na kujifunga kama mbavu za mtu anayehema. Alifundishwa na baba yake, akaolewa nayo, na ndiyo iliyomwingiza kwenye kikundi cha maigizo cha wifi. Mumewe alipofariki, watu walidhani wifi mtu atamfukuza uani. Hakumfukuza. Alimnunia tu, na siku za mazoezi walikwenda ukumbini wakifuatana, huyu mbele, yule nyuma, kama watu wasiojuana.

Kikundi kilikuwa na mchezo mmoja wa nyimbo uliopendwa kuliko yote. Mama anamfungia bintiye mlango kwa hasira, kisha anabaki nyuma ya mlango huohuo akimwimbia arudi. Wifi ndiye alikuwa mama. Wimbo ule wa mlangoni hata wauza mkaa waliuimba wakipanga magunia.

Lakini una mstari mrefu, na wifi tangu ujana wake pumzi humkatikia katikati. Ukifika pale, Mama Kodiani huvuta mvukuto, sauti ikajaa ukumbi, na wifi akaiba pumzi chini yake kama mtu anayepita nyuma ya pazia. Watazamaji walidhani ni utamu wa muziki. Wenyewe wawili hawakuwahi kulitamka.

Ukumbi uliungua, mchezo ukalala. Ulipojengwa upya, watu wakadai mchezo wao, na wifi akaleta fundi muziki aupange upya: fidla, tarumbeta, ngoma kubwa. Siku ya kwanza ya mazoezi Mama Kodiani alitafuta kiti chake pembeni ya jukwaa, akakuta kimekaliwa na tarumbeta.

"Na mimi?" akauliza.

"Wewe utakaa na watazamaji," wifi akajibu. "Kiti tutakupa, usiogope."

"Wimbo wa mlangoni je? Nani anapiga?"

"Hapigi mtu," akasema fundi muziki. "Fidla inafungua, halafu kimya. Mama anaimba peke yake."

Mama Kodiani akacheka kwa pua. "Kimya kitamla huyu."

"Kinile," wifi akasema. "Nyama ni yangu."

Kesho yake Mama Kodiani alikuwa anamwogesha mjukuu kwenye beseni karibu na bomba, povu limemjaa mtoto masikioni, wifi akaja na ndoo yake.

"Wifi, utaumbuka pale. Unajua ninapopasema."

Wifi akaitua ndoo. "Napajua kabla yako. Pumzi ni ya nani? Nikipigiwa makofi nakuona pembeni, umeinamisha kichwa, unatabasamu. Tabasamu lile nimelila na chakula changu miaka yote. Aliyekufunika ndiye anayejua ulivyo uchi."

"Mtu anasitiriwa, badala ya asante anatoa meno!"

"Nani alikutuma unisitiri?"

Mama Kodiani akachota maji kwa kopo. Kweli, hakutumwa. Akataka kulikana lile tabasamu, mashavu yakakataa kumsaidia. Akammwagia mtoto maji bila kumziba macho, mtoto akalia, naye akapata kisingizio cha kuingia ndani.

Hasira ni mshauri mbaya, lakini ndiye aliyelala naye. Mazoezi yaliyofuata alisimama mbele ya kikundi kizima, kodiani kifuani, akasema, "Msije mkasema sikuwaambia. Mwimbaji wenu hana pumzi. Huo mstari anaumaliza kwa kubebwa na mimi."

Watu wakaangalia sakafu. Wifi hakupepesa jicho.

"Alinieleza mwenyewe siku aliyoniita," fundi muziki akasema, bado anakaza uzi wa fidla. "Ndiyo maana nikaweka kimya. Vua chombo hicho, mama, tunaanza."

Akakivua. Hakuna aliyemsaidia mkanda.

Siku ya mchezo alikaa kwenye kiti alichopewa. Tarumbeta zilimchefua, ngoma ilimgonga tumboni, akafurahi: kumbe wameharibu! Kisha mlango ukafungwa jukwaani, fidla ikafungua, ikanyamaza. Wifi akaimba. Mstari ukafika pale, ukakatika. Akavuta pumzi waziwazi, kwa sauti, pumzi kavu ya mama aliyechoka kuita, ndipo akamalizia. Dada mmoja aliyekaa karibu na Mama Kodiani, mwenye mtoto mchanga begani, akamkumbatia mtoto kwa nguvu, akaanza kulia.

Mama Kodiani akatazama chini. Mikono yake ilikuwa imeubana mkoba kifuani na kuuvuta huku na huku. Hakupiga makofi.

Asubuhi wifi alianika gauni la mchezo. Kwa kusudi au kwa haraka, mkono mmoja wa gauni ulivuka upande wa pili wa kamba.

"Umeisikia?" wifi akamuuliza Mama Kodiani, aliyekuwa bombani.

"Tarumbeta zenu zinalia kama mbuzi aliyebanwa na mlango."

"Nimekuuliza pumzi."

"Pumzi nimeisikia," Mama Kodiani akasema. "Na gauni lako litoe upande wangu."

"Litoe mwenyewe. Si umezoea kunisaidia?"

Wifi akaenda zake. Mama Kodiani hakuligusa. Aliitoa kodiani uvunguni, akaketi kizingitini mwake, akaupiga wimbo wa mlangoni wote, kwa nguvu, usikike hadi ng'ambo ya ua. Alipofika pale, mikono ikauvuta mvukuto kama ilivyozoea, sauti ikajaa ua mzima.

Dirisha la wifi likafungwa kwa kishindo.