Aliyeuliza Saa ya Mazishi

Kwenye kundi letu la mtandaoni tulibishana siku nzima kama samaki wa nazi atiwe ndimu kabla ya tui au baada. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwanusa roboti, akaunti zinazojiendesha bila mtu. Mmoja, mwenye picha ya waridi, alijibu upesi mno, kwa adabu mno. Nikamtangaza roboti.

Mama alipofariki niliandika tanzia. Wale niliowaita watu wakabandika viganja viwili vya pole, wakarudi kwenye ndimu. Mwenye waridi peke yake aliuliza, “Anazikwa wapi, saa ngapi?”

“Fukayosi, baada ya Adhuhuri. Njoo basi, roboti!”

Kesho yake, baada ya mazishi, akaandika, “Yule aliyevunjikiwa mpini wa jembe kaburini, mkono umepona?”

Pale makaburini wote walinipa mkono. Sijui wake ulikuwa upi.