Jenereta Nyuma ya Zahanati

Siku viongozi walipokuja kutuhutubia kuhusu mtambo mkubwa wa umeme wa gesi, kijiji chetu, upande wa Kinjumbi, hakikuwa na umeme. Nilikuwa muuguzi wa zahanati. Friji ya chanjo ilitumia mtungi wa gesi unaoletwa kwa lori kutoka Dar es Salaam, huku gesi ya pwani yetu ikipita ardhini kwenye bomba, ikikimbilia huko huko Dar. Nikilikumbuka hilo damu inanichemka hadi leo.

Asubuhi ile mtungi uliisha. Nilikuwa nimeomba mwingine hadi nikachoka, na kliniki ya watoto ilikuwa kesho yake.

Yakaja malori: mahema, viti, spika, na jenereta kubwa. Wakaliweka kivulini, kwenye ukuta wa zahanati. Nyuma ya ukuta huo ndipo ilipokuwa friji.

Nikamwendea fundi wao. "Kaka, nivutie waya mmoja tu. Friji hii inakubali na umeme."

"Hamna tabu, dada."

Msimamizi wake akatuona. "We, usiguse! Sauti ikikatika mgeni rasmi anaongea, utajibu wewe?"

"Humu mna chanjo za watoto," nikamwambia.

"Sherehe ikiisha."

Nikakaa. Mgeni akaeleza umeme wa gesi unavyoendesha viwanda, unavyoibeba gridi ya taifa mabwawa yakikauka. Ni kweli, wala sibishi. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikasimama.

"Mheshimiwa, friji ya chanjo iko nyuma ya jenereta lako, imezima. Naomba waya."

Akasema, "Tumelipokea, litafanyiwa kazi." Wakafungulia muziki.

Walipomaliza pilau, jenereta likapakiwa kabla sijamfikia fundi. Aliniona, akageuza uso.

Kulipokucha, alama za kuonyesha joto kwenye vichupa vya chanjo zilikuwa zimebadilika rangi. Chanjo hazikufaa tena. Wa kwanza kufika alikuwa mama wa mapacha, aliyetoka bara, kule njia ya Njinjo, akalala kwa dada yake ili awahi. Nikamweleza.

"Lakini jana nimesikia spika mpaka kwa dada," akasema. "Nikajua umeme mnao."

Alimfunga mmoja mgongoni, mwingine kifuani, akaondoka bila kuaga.

Chanjo nyingine zilipopatikana, mama yule hakuja. Nikapanda bodaboda na kasha la barafu hadi kwao. Mama mkwe wake alinipokea kwa shingo upande.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo ndiyo mmetukumbuka?"

Nikawachanja barazani, mmoja baada ya mwingine, wakilia kwa nguvu. Mama yao aliwashika. Nilipomaliza alinisukumia kata ya maji kwa mguu, bila kuniangalia. Nikanywa. Hasira yake ilikuwa na haki, ila mgeni wa siku ile, mwenye kuistahili, alikuwa ameshapanda gari lake la kiyoyozi, ameondoka.