Kinanda cha Mama kilinyamaza, nikakisikiliza kwa logic analyzer

Wakuu, salamu kutoka Kitale. Ninayoandika hapa nimeyaona mwenyewe, na nisipojua kitu nitasema sijui.

Mama alipiga kinanda kanisani kwetu Kamukuywa, Bungoma, mpaka alipotutoka. Mzee wangu, yaani baba, alikuwa kwenye kwaya, akiimba bass, ile sauti nzito ya chini.

Hakuna aliyewahi kumrekodi Mama kwa simu. Ulibaki wimbo mmoja tu, aliouhifadhi mwenyewe kwenye memory ya kinanda.

Kisha mvua ikavuja kwenye paa la kanisa, ikakilowesha kinanda. Kinanda kikawa kinawaka taa lakini hakitoi sauti. Kanisa likanunua kingine. Mzee akaomba hicho kibovu, akakiweka sebuleni, akakifunika kwa kitambaa alichoshona Mama. Kila nikienda nyumbani ananiuliza kama kitaimba tena.

Nikakileta Kitale. Fundi mwenzangu Barasa akakifungua, akasema sehemu ya sauti imekufa na spea haipatikani. Zaidi ya hapo, betri ndogo inayoshikilia memory ilikuwa inavuja. Alikuwa tayari ameshika koleo.

"Bana, hii lazima itoke. Si itakula board yote?"

Nikamzuia. Betri ikitoka, wimbo wa Mama umeenda.

Kwa wasiojua, logic analyzer ni kidude kidogo cha kuchomeka kwenye USB ya laptop. Kina waya za rangi. Hakisikii sauti, kinarekodi tu umeme ukipanda na kushuka, yaani 1 na 0.

Kinanda kikicheza wimbo, hata kama sehemu ya sauti imekufa, kinatuma pia MIDI, yaani maelezo kwa umeme: noti gani imebonyezwa, wakati gani, kwa nguvu kiasi gani. (Mtauliza kwa nini sikutumia cable ya kawaida. Tundu la nyuma lilikuwa limeoza.)

Nikabana waya mmoja kwenye ground, yaani upande hasi wa umeme, mwingine kwenye pini ya MIDI kwenye board, nikaanza ku-capture, yaani kurekodi, nikabonyeza play.

Chumba kilikuwa kimya kabisa, lakini kwenye screen mistari ilikuwa inakimbia. Vidole vya Mama hivyo. Barasa akaweka koleo chini.

Katikati ya kila ubeti mstari ulilala. Hakuna kitu, kisha noti zinaendelea. Nikadhani waya umelegea. Nikabana, nikarudia. Pengo likawa palepale.

Nikageuza data kuwa faili ya muziki, nikapeleka laptop kwa Mzee. Akazima redio, akakaa. Tulipofika kwenye pengo nikamwambia asijali, hapo signal ilipotea, nitapaziba.

Akasema polepole, "Usizibe. Hapo ananingoja. Mimi nilikuwa nachelewa kuingia, na mamako hakuwahi kuniacha."

Akaniomba nirudie.

Wimbo ulipofika penye kimya, Mzee akaingia na bass yake. Alichelewa vilevile, na Mama alikuwa amemngoja.

Funzo langu ni dogo. Tukiona mstari umelala tunakimbilia kusema ni fault. Kabla ya kuusahihisha, muulize aliyeishi na mwenye mashine.

Kinanda kimerudi sebuleni, chini ya kitambaa chake. Betri tuliitoa baadaye, Mzee akiwa ameruhusu.

Kama nyumbani kwenu kuna mashine iliyofungia sauti ya mtu, andika hapa ni ya aina gani na imeharibika vipi. Ila tafadhali, usiguse betri kwanza.