Nilikiita Bandia Kisu cha Baba Mkwe

Mimi ndiye mwenye makosa. Nasema mapema kabla hujaanza kunitafutia visingizio, kwa sababu mke wangu ameshavikataa vyote.

Nauza misumari na rangi kwa duka la hadiwea hapa Embu, naishi mtaa wa Majimbo, na ugonjwa wangu ni visu vya zamani vya wanajeshi wa Kijerumani. Usicheke! Wengine wana mpira. Mimi nikipata dakika mbili niko kwa simu, nasoma vile mtu anatambua kisu cha kweli na kile kimechongwa juzi.

Kuna siku kule Kangeta jamaa alitaka kumuuzia rafiki yangu kisu "cha vita vya Wajerumani". Nikakigeuza mara moja, nikasema hii ni springi ya pikapu imechongwa. Na ilikuwa kweli! Tangu hapo wakaniita Profesa. Kichwa kikafura.

Sasa, siku ya kupeleka mahari kwa kina Kendi, huyo mke wangu, kule Kanyakine, tulipokelewa vizuri ajabu. Wakati wa kukata nyama, baba yake Kendi akatoa kisu kirefu kwa ala ya ngozi. Akaanza kusimulia, vile alizoea kila mbuzi akichinjwa: babake alibebeshwa mizigo ya Waingereza mpaka Tanganyika, ile vita ya kwanza. Hakurudi na pesa wala medali. Alirudi na mguu mbovu na hicho kisu cha Mjerumani. Wazee walijua hadithi yote kwa kichwa, na bado walisikiza.

"Mzee, hebu nikione," nikasema.

Si ningenyamaza tu? Nikakigeuza upande huu, nikakigeuza upande ule. Jina la kiwanda hakuna. Mpini ni wa mti wa hapa hapa, umekazwa na waya wa fensi. Nikakohoa kidogo kama daktari.

"Pole mzee. Hiki ni bandia, labda springi ya gari. Cha kweli huwa na alama."

Ngai! Hata waliokuwa wanatafuna waliacha.

Mzee hakukasirika. "Sawa, mwanangu. Wewe ndiye umesoma." Akakipangusa na jani la ndizi, akakirudisha kwa ala, akaitisha kisu cha jikoni.

Mahari ilipokelewa, Kendi nikampata, nikadhani hakuna kilichoharibika. Kumbe! Wazee wenzake walishampa jina: Mjerumani wa Springi. Ukimpata sokoni ni hivyo, ukimpata nje ya kanisa ni hivyo. Ulikuwa utani tu, lakini mzee aliacha kusimulia. Mbuzi walichinjwa Krismasi baada ya Krismasi, yeye anakula na kunyamaza.

Hii Krismasi iliyopita nikamkuta mama mkwe akikatia ng'ombe migomba na kile kisu. Yaani kilishushwa cheo! Nikamsaidia kukata, halafu nikakisugua na maji moto na jivu. Mgongo wake, pale penye unene karibu na mpini, ulikuwa umeganda mafuta ya mbuzi wa miaka na miaka. Yakabanduka. Chini yake kulikuwa na taji dogo, herufi moja, na mwaka.

Woiye!

Alama ya taji la mfalme wa Wajerumani hukaa mgongoni, hata aliyeanza kujifunza jana anajua! Mimi nilitazama pande mbili nikafunga kesi. Jina la kiwanda lililiwa na jiwe la kunolea. Mpini ulibadilishwa kwa sababu kisu kilikuwa kazini. Nilizoea visu vya kukaa kwa kabati ya kioo, sikufikiria kisu cha kweli kinaweza kulisha boma.

Nikamkimbilia mzee pale zizini, kisu kinadondosha maji. "Baba, ni cha kweli!"

"Mimi nilijua," akasema. "Lakini uliniaibisha mbele ya watu. Sasa unanisafisha hapa zizini?"

Nikanunua mbuzi. Wazee wale wale wakaitwa, nikawaonyesha taji mmoja mmoja, wengine wakiazimana miwani. Nikajiita mjinga kwa mdomo wangu mwenyewe. Walicheka mpaka machozi, na nyama ikakatwa na kisu chenyewe. Nikapumua, nikajua imeisha.

Halafu binti yangu wa miaka mitano akamkalia mzee, babu yake, mapajani. "Guka, hiki kisu kilitoka wapi?"

Mzee akamtazama, akanitazama. "Muulize baba yako. Yeye ndiye anajua visu."

Nikafungua mdomo. Taji nilijua, herufi nilijua, mwaka nilijua. Lakini mito ambayo baba yake mzee alivuka, na wenzake aliowazika njiani, sikujua hata jina moja. Siku ile mzee akisimulia, mimi nilikuwa naangalia mpini.

Basi wewe unayejua kitu kidogo kama mimi, nakuomba. Ukipewa kisu cha watu ukione, sikiza kwanza. Kukigeuza utakigeuza baadaye.